Mudathiru na Picha Iliyokataa Kufika Kigali

Mudathiru wa Kamembe, muntu hakumufundisha rezo ya kompyuta darasani. Alijifunza kwa kufungua mashini za banyewe, anaharibu, anatengeneza. Kliniki ikamuamini hivyo hivyo.

Asubuhi ile umeme ukakatika, ukarudi, na kompyuta ya picha za kichwa ikachukua adresi mpya. Fayawoli, ile sanduku yenye kupokea bantu ba inje na kubapeleka kwa mashini ya ndani, ikaendelea kubatuma kwa adresi ya zamani, kwenye hakuna kitu. Dokta wa Kigali, mwenye kuzisomaga kwa mbali, hakuona picha. Na kitandani kulikuwa Maman Mukansanga wa Gikundamvura, ameanguka na pikipiki, hasemi.

"Saa sita ninaingia kupasua muntu," dokta alisema kwa simu. "Usinipigie kama haijafunguka."

Mudathiru akabadilisha adresi ndani ya fayawoli. Dakika kumi tu! Akatoka inje ya lupango ya kliniki, kwenye rezo yake haifike, akajaribu kufungua picha na simu yake. Imekataa. Akarudi, akafuta ile kanuni ya adresi, akaandika ingine. Imekataa. Akafuta kanuni zote. Jasho ikamushuka mpaka kwa mukanda.

"Weye fundi ao mwizi wa saa?" Maman Uwamwezi, mukubwa wa bainfirmiye, bale bauguzi, akamufokea. "Huyu mugonjwa nimupeleke Butare, nimupeleke Kigali, ao nimuache? Sema!"

"Maman, niache nifikiri!"

"Ulikuwa hujaanza?"

Saa sita kasoro tano akaangalia simu tena, pale juu ya kioo, kwenye jina ya rezo. Rezo ya Kongo! Ile sim ya Bukavu, anayoiwekaga kwa sababu ya megabaiti za bei chini. Na ni yeye mwenyewe, mwezi uliopita, alifungia fayawoli inchi zote isipokuwa Rwanda. Kanuni ya kwanza ya asubuhi ilikuwa nzuri. Alikuwa anabisha hodi kwa mulango aliofunga yeye, halafu akabomoa nyumba.

Akaandika kanuni upya. Akawasha sim ya Rwanda. Picha ikafunguka, nyeupe, wazi. Akapiga Kigali.

Mwanamuke akapokea. "Dokta ameingia. Atatoka saa kenda."

"Mama, nakuomba, mugongee hata dirisha!"

"Kaka, kule kwa kupasulia hatugongage."

Maman Uwamwezi alikuwa amesikia. Hakumutukana, na hiyo ndiyo ilimuchoma. "Bebeni," akaambia bale ba ambilansi. "Butare. Tunaenda bila kujua ndani ya kichwa kuna nini."

Mudathiru akashika kona moja ya kitanda.