Umefika kwa Nani?

Nilipotangaza nyumbani kwamba likizo yangu nakwenda kuimalizia Ethiopia, nizunguke miji ya zamani na begi mgongoni, mama yangu mdogo wa Nyegina aliuliza swali moja tu. "Unaenda kwa nani?"

Nikamwambia siendi kwa mtu. Naenda kuangalia majumba ya wafalme, makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, mji wenye ukuta. Magofu, kwa kifupi. Mama mdogo akaweka kikombe cha chai chini. "Magofu," akasema. "Hapo Bunda unapofanyia kazi mapagale yamejaa mpaka mbuzi wanazalia humo. Hayo hujayamaliza, unataka ya wenzako." Mama yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikanuna, maana nilikuwa nimejiandaa kusifiwa.

Lakini ukweli ni kwamba kwetu hakuna mtu anasafiriga hivyo. Mtu anasafiri kwenda kusoma, kuuza, kutibiwa au kuzika, na huko aendako kuna mlango wa mtu anayemfahamu. Kwenda kuangalia tu, ukalala kwa watu usiowajua na kesho yake ukahama, hayo ni mambo ya wale wageni tunaowaona wakipita Bunda kuelekea Serengeti wamejipaka mafuta meupe puani. Mimi nauza duka la dawa. Mafuta meupe sina. Nina miguu, nina udadisi, nina hasira za karibu, na nilikuwa na begi la mtumba nililolipata mnadani, limeandikwa jina la shule ya nchi gani sijui.

Sasa kabla sijaondoka Musoma lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu. Mtu akisafiri, mama hafagii nyumba mpaka huyo mtu afike. Ukifagia mapema unafagia na nyayo zake, njia inamkataa. Imani hii wengi wanayo, ila wengi wameilegeza. Mama yangu hajailegeza, na hatumlaumu, maana sababu tunaijua. Baba aliondoka asubuhi moja kutoka nyumba hii hii ya mtaa wa Mukendo kwenda kazini Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Gari likapinduka njiani, hakufika. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebea maji kwa kopo, mdogo wangu alikuwa bado mgongoni.

Tangu hapo, kila nikirudi Bunda Jumatatu, mama anakaa sebuleni na simu mapajani. Nikishuka stendi napiga, "Mama, nimefika," na kabla hajakata nasikia fagio limeshaanza kazi. Bunda ni karibu, vumbi linakuwa halijapata hata muda wa kukaa. Nimekua hivyo, sikuwahi kuona ni tatizo.

Tatizo lilianza nilipotua Addis. Nilipiga simu kwa furaha zangu zote, nikasema mama nimefika. "Ndo unakaa hapo?" Nikasema hapana, kesho napanda basi kwenda Gondar. "Basi hujafika," akasema, akakata.

Gondar nikapiga tena. Nilikuwa nimekaa kivulini ndani ya ua wa wafalme wa kale, kuta za mawe zimepanda juu kweli kweli, minara ina vichwa vya mviringo, na pembeni yangu kuna kibanda cha mawe walikofugia simba. Nilitamani aone. Nikamweleza kuhusu simba, akasikiliza vizuri, halafu akauliza, "Umefika?" Nikasema nimefika, keshokutwa naenda Lalibela. "Hapo umepita tu, mwanangu. Hujafika."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kuniaga.

Lalibela kuna makanisa ambayo hayakujengwa. Wameanza juu ya mwamba, wakachimba kwenda chini, wakachonga paa, wakachonga madirisha, mpaka wakafika mlangoni. Unavua viatu, unashuka kwenye mfereji wa jiwe, na kanisa zima limesimama shimoni. Nilikuwa humo, peku, nimeshika ukuta uliolainishwa na mikono ya watu, machozi yako karibu kabisa, simu ikatetemeka. Mdogo wangu. Anaongea kwa kunong'ona.

"Dada, wakwe wanakuja Jumamosi."

Nikatoka nje mbio na viatu mkononi. Wale wa Bunda, familia ya kijana wake, walikuwa waje kujitambulisha nikisharudi. Sasa baba mkubwa wa kijana amepata safari, wameiwahisha siku, na mama ameshakubali. Nikasema mbona ni habari njema. Mdogo wangu akazidi kunong'ona. "Dada, nyumba haijafagiliwa tangu uondoke."

Anayeujua upepo wa Mukendo hahitaji kuambiwa zaidi. Mdogo wangu akanieleza hata hivyo. Ukipita sebuleni unaacha alama za miguu, unaweza kujua nani alikwenda jikoni na mara ngapi. Chini ya makochi kuna magamba ya sato, kuna maganda ya karanga za mama mdogo. Alijaribu kufagia alfajiri, akakuta mama amelala na fagio chini ya godoro. Akajaribu ujanja, kupiga deki bila kufagia, maana deki si fagio. Likawa tope. Sasa limekauka.

"Mwambie umefika," akasema.

"Nimemwambia kila mji."

"Basi mdanganye."

Msinione vibaya, nilijaribu. Mdogo wangu alikuwa amengoja muda mrefu. Familia moja ilishakuja kabla ya hawa, wakala, wakashukuru, wakapotea moja kwa moja, na yeye akalia wiki nzima akisema ni mafua. Huyu kijana wa sasa alikuwa mtu mwema na mdogo wangu alimpenda. Ila mama yake kijana anajulikana Bunda nzima kwa kupitisha kidole juu ya kabati za watu. Nilimwona kichwani mwangu akikaa kwenye lile tope letu lililokauka.

Nikampigia mama. "Mama, nimefika. Naishi hapa hapa Lalibela, siendi popote."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni."

"Unamlipa?"

Kwa mama yangu huwa sidanganyi mara mbili mfululizo, ulimi unakataa. Nikasema namlipa.

"Huyo anauza kitanda," akasema. "Mtu anafikaga kwa mtu. Anakupokea, anakupa chakula, anajua umelala upande gani. Ukimpata huyo, nipigie. Na ukinidanganya nitajua."

Nilikasirika. Nilikasirika vibaya, nikamfokea punda aliyekuwa amesimama njiani na mizigo yake, mwenye punda akaniomba radhi, nikaona aibu. Likizo ni yangu, miguu ni yangu, sasa nageuzwa mlinzi wa vumbi la Musoma. Kurudi nyumbani haraka nisingeweza, tarehe ya tiketi yangu ya ndege ilikuwa bado. Nikapanda basi juu ya basi kuelekea Harar, kichwa kikiwa kwenye sebule yetu. Milima ilipita dirishani mizuri ajabu, na mimi nilikuwa nahesabu nani tunayemfahamu anayefahamiana na mtu Harar. Hakuna.

Nilifika Harar Ijumaa asubuhi. Ni mji mkongwe ndani ya ukuta, vichochoro vyembamba vinavyopinda, kuta zimepakwa kijani, waridi na buluu. Nilisoma kwamba nyumba nyingine za asili zimefunguliwa kwa wageni kuangalia: ndani kuna vibaraza vya udongo mwekundu vya kukalia, na ukutani vyungu, mabakuli na vikapu vya kusuka kila kona. Nikakuta mlango uko wazi, ua safi, chumba ndani kama nilivyosoma. Nikapiga hodi, sikusikia jibu, nikaingia.

Nikaangalia mabakuli. Nikapiga picha vikapu. Nikarudi nyuma kidogo ili nipate ukuta mzima, nikasikia mtu anakohoa. Nikageuka. Pembeni, kwenye kibaraza cha chini, walikuwa wamekaa bibi mmoja na binti yake mtu mzima, mbele yao sinia la chakula, mikono imesimama hewani. Niliingia nyumba ya watu wakiwa wanakula mchana wao, nikawafanya makumbusho.

Nilitamani ukuta unimeze. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. Yule bibi alinitazama, akalitazama begi langu, akasema neno moja. Binti, aliyekuwa na Kiingereza cha shule kama changu, akatafsiri. "Anasema unachelewa, chakula kinapoa."

Nilikula. Nilipopunguza kasi bibi alinisogezea tonge kwa mkono wake. Akauliza nitalala wapi, nikamtajia nyumba ya wageni, akaikataa kwa kichwa na kuonyesha kibaraza, nitalala hapo. Kahawa ikaanza kukaangwa. Ndipo nikaanza kulia, kweli kabisa, mtu mzima na cheti changu cha famasi. Binti akauliza kuna nini. Nikamweleza yote: mama, fagio, baba, wakwe, tope.

Niliona aibu wakati binti anatafsiri, nikijua litasikika la kijinga. Bibi hakucheka. Aliosha mikono, akajifuta, akarekebisha ushungi wake na kunyoosha kiganja. Hilo halikuhitaji mkalimani. Anataka simu.

Nikapiga ya video. Mama akatokea, nusu ya uso kama kawaida yake, nyuma yake vumbi linaonekana hata kwenye kioo kidogo. Bibi akamsalimia kwa lugha yake, kirefu. Mama akajibu kwa Kijita, kirefu vilevile. Wakaongea pamoja, kila mmoja na yake, wala hawakusubiriana. Bibi akaielekeza simu kwenye sinia, akaonyesha nilipokula. Akaonyesha kibaraza, akalaza shavu kwenye kiganja, kwamba nitalala hapa. Halafu akanishika bega kwa nguvu na kunivuta nitokee kwenye picha.

Mama alitutazama muda. "Huyo ni mtu," akasema. "Mwambie asante. Umefika." Simu haikukatwa. Niliona dari ya nyumba yetu, maana aliiweka mezani, nikasikia mdogo wangu akipiga kigelegele huku fagio linakwangua.

Jumamosi wakwe walikuja, wakakaa, wakala sato. Mama wa kijana alipitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Hakukuta kitu. Mdogo wangu aliniambia hayo kwa simu anacheka hadi anakwama, na mimi niko juu ya kibaraza chekundu Harar nimeng'ang'aniwa kwa siku ya pili.

Niliporudi tulikwenda Butiama, mama, mdogo wangu na mimi, kwenye mji wa wazee wake baba, kumpa baba taarifa ya posa. Kaburi lake liko hapo, kando ya nyumba. Chakula nilikibeba kwenye begi lile lile. Majani makavu yalikuwa yamejaa juu ya kaburi, na shangazi akatuletea fagio, akarudi jikoni. Mdogo wangu akampa mama. Mama akanisogezea mimi. Ndipo nikagundua kwamba miaka yote sijawahi kumwona mama akifagia hapo. Tulikuwa tunajua ni kazi ya mashangazi.

Nikamtania. "Mama, hapa napo tunamsubiri nani?"

Hakucheka. "Siku ile tulikuwa na wageni," akasema. "Nilikuwa na haraka. Gari la baba yenu halijakata kona, mimi nimeshashika fagio. Akageuka akaniona. Akanipungia mkono." Alikuwa anaongea kawaida, kama anayetaja bei ya dagaa. "Mpaka leo hajafika."

Mdogo wangu alinitazama. Nilikuwa na mengi ya kusema, kwamba ilikuwa ni tairi, kwamba ilikuwa ni mvua ya usiku, na nilijua hayo yote ameambiwa na watu wenye akili kuliko mimi.

"Mama," nikasema, "siku walipomleta, nani alimpokea?"

Akafikiri. "Mama yake," akasema. "Na hawa mashangazi zenu. Na mji wote."

"Walikula?"

"Walipika siku nyingi."

"Wanajua alipolala?"

Mama alilitazama kaburi, kisha nyumba, kisha mlango wa jikoni ambako shangazi alikuwa anachochea moto. Halafu akaliomba fagio. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akainama, akaanza upande wa kichwa, taratibu, akiyavuta majani kuja kwetu. Alikuwa analia na anafagia, na hakutaka kusaidiwa.

"Sogeeni," akasema. "Mnanikanyagia."