Skrini ya bluu ilivyorudi full screen kwenye Windows 7, dada yangu akabaki kazini

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na mambo vipi kwa wa rika langu.

Nimejiunga humu siku nyingi ila sijawahi kuandika hata "asante". Mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Hata darasani niko hivyo, mwalimu akiuliza swali naangalia viatu vyangu.

Leo nimejilazimisha kwa sababu kuna mtu humu alimsaidia dada yangu na mwenyewe hajui. Yote ninayoandika yametokea. Aliye Kasulu apite dukani ajionee.

Mods, kama hapa sio jukwaa lake hamisheni tu, ila msifute jamani, nimetumia nguvu.

Niko form three, nasoma bweni Kibondo. Likizo ya mwezi wa sita nilirudi nyumbani Kasulu, nimejaa vumbi la njiani hadi kope. Nikategemea kumkuta dada Jeniva anacheka kama kawaida yake. Nikamkuta amekaa jikoni mchana, siku ya kazi.

Ngoja niwaeleze kwanza kuhusu dada.

Dada Jeniva ana ualbino. Anaona, ila kwa shida. Mwanga mweupe unamuumiza macho, na maandishi madogo kwake ni kama mchwa wanatembea. Shambani jua linamuunguza. Na kuna mambo mengine yanayofanya nyumbani wasipende aende mbali peke yake. Mnayajua, sitayaandika.

Kwa hiyo kazi ya ndani, karibu na nyumbani, kwetu sio kazi tu.

Anachapa kwenye steshenari ya Mzee Hamadi, mtu wa Tanga aliyekuja huku kuuza vitenge, akaoa, akabaki. Kompyuta ya dukani aliinunua wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa na watu wa ofisi za kule wanauza vitu vyao. Ilikuwa na Windows XP, na ndani yake kulikuwa na programu ya kuandikia ya zamani mno, ya DOS. Haina picha, haina vibatani vya kubofya kwa mouse. Skrini nzima ya bluu, herufi nyeupe kubwa, basi. Kila kitu unafanya kwa kibodi.

Watu waliicheka. Dada alipoiona siku ya kwanza alisema, "Hii ndio yangu."

Sasa sikieni wanavyofanya kazi pale, maana ndio penye uhondo. Mwandiko wa mkono dada hausomi vizuri. Kwa hiyo mteja hampi karatasi. Mteja anakaa nyuma yake kwenye benchi, anasema, dada anachapa. Na kwa sababu herufi ni kubwa na zimejaa skrini, mteja anaona maneno yake yanatokea. "Hapo sikusema naomba, nilisema ninasisitiza!" Dada anarekebisha hapo hapo. Watu wanatoka Kitanga, wanatoka Nyakitonto, wanapita steshenari nyingine mbili, wanakuja kwa "yule dada wa bluu".

Ila ile kompyuta ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi vibaya, ikatoa harufu. Kwisha.

Mzee Hamadi akaleta nyingine kutoka Mwanza. Flat screen pana, Windows 7, inang'aa kama sinia la pilau. Fundi alikuwa ameokoa vitu vya kwenye hard disk ya zamani, na ile programu ya dada ikiwemo. Ikafunguka vizuri tu. Ila ikafunguka kwenye kidirisha kidogo, pembeni kote weupe mtupu.

Kwenye XP dada alikuwa anabonyeza Alt na Enter, inajaa skrini. Akabonyeza. Ikaja meseji ya Kiingereza: This system does not support fullscreen mode.

Akabonyeza tena. Meseji ile ile.

Najua mnataka kuniambia atumie Magnifier, ile ya Windows ya kukuza maandishi. Alitumia. Inakimbia huku na huku kama kuku aliyetishwa, baada ya muda kichwa kinamuuma. Word nayo alijaribu kukuza, akawa hauoni mshale wa mouse. Akawa anachapa pua imegusa kioo. Gode, fundi simu mwenye meza hapo barazani, akaanza kutangaza kwa wateja: "Msimsumbue dada, yuko faragha, anabusu kompyuta."

Watu walicheka. Dada naye akacheka. Haya alinisimulia anacheka, ila usiku nikamsikia halali.

Mzee Hamadi sio mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kabisa: "Jeniva mwanangu, wateja wanangoja mpaka wanaondoka. Kuna binti wa jirani anajua Word. Akianza Jumatatu usinione mbaya. Wewe utapumzika kidogo."

Kupumzika kidogo. Ndio maana nilimkuta jikoni.

Nikamwambia, "Dada, twende dukani." Sijui hiyo sauti niliitoa wapi. Kompyuta naijua kwa kukaa pembeni yake tu akichapa.

Mzee aliniruhusu nikae nayo Jumamosi wakati wateja ni wachache. Usiku wa kabla yake nilikuwa nimesoma kwenye simu, kurasa za kizungu, nusu naelewa nusu nabahatisha. Kumbe tatizo sio programu. Ni driver za Windows 7, zile programu ndogo zinazoendesha skrini, hazikubali tena hizi program za maandishi matupu kushika skrini nzima. Mmoja akasema nenda Device Manager, Display adapters, zima driver ya display, itakubali.

Nikazima. Skrini ikapepesa. Dada akabonyeza Alt na Enter.

Wakuu, IKAJAA!

Bluu yote, kona hadi kona. Nilipiga kelele mpaka Gode akaangusha bisibisi. Dada alishika mdomo.

Tukafurahi mpaka alipoingia Mzee Hamadi na bwana mmoja wa idara ya kilimo na mkewe, wanataka passport size. Mzee akatoka kwenye bluu, akafungua picha.

Nyuso zilikuwa pana kama zimejiangalia kwenye kijiko. Ukisogeza picha inajikokota. Ukiwa umezima ile driver, kompyuta nzima inarudi kwenye display ya kubabaisha, na mimi hilo sikulijua.

Yule mama akamuuliza mumewe taratibu, "Ndivyo nilivyo?"

Mume akawa mwerevu, akaanza kusoma kalenda ya ukutani.

Mzee Hamadi akanigeukia. "Ewe Oliva, umemfanyaje mgonjwa wangu? Mashine haina hata mwezi!"

Nikatamani sakafu inimeze. Nikawasha driver, picha zikakaa sawa, wateja wakahudumiwa. Mzee akasema basi, inatosha, tusije tukaua na hii. Dada akaanza kukusanya vitu vyake, kofia yake, miwani ya jua, kikombe.

Hapo ndipo nilipokumbuka uzi mmoja wa humu.

Kuna mkuu aliwahi kuuliza jinsi ya kucheza game la zamani la vifaru kwenye Windows 7 likae full screen. Mlimshambulia vibaya! Mmoja alimwambia akalime. Mwingine akamuuliza kama ameoa. Uzi ukaharibika kabisa, ila katikati ya matusi mtu mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Tumia DOSBox, ukiwa ndani bonyeza Alt+Enter."

Nikatoka barazani nikaitafuta kwa simu. Kumbe ni kafile kadogo, hata wimbo mmoja ni mkubwa kuliko hako. Ila kuitoa kwenye simu kuipeleka kwenye kompyuta nilihitaji card reader ya kuchomekea memory card ya simu, na card reader anayo Gode.

Mimi na aibu yangu, kumwomba Gode! Nikasimama mbele ya meza yake naangalia viatu vyangu.

"Unataka nini, mdogo wake na bibi harusi wa kompyuta?"

"Card reader."

Akaniangalia. Akaangalia ndani, dada amebeba kofia mkononi. Hakutania tena. Akainuka nayo mwenyewe.

Hii DOSBox, kwa wasioijua, inatengeneza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Driver zako huzigusi. Nilifanya hivi:

Niliweka programu ya dada kwenye folder C:\KAZI. Nikafungua DOSBox, nikaandika mount c c:\kazi, Enter. Kisha c: na Enter. Kisha jina la programu.

Ikaja kwenye kidirisha kidogo.

Nikamwambia, "Dada, bonyeza wewe."

Akabonyeza Alt na Enter bila kuangalia, kama mtu anayefungua mlango wa kwao.

BLUU!

Ila ilikaa katikati na weusi pembeni. Nikafungua faili la options la DOSBox, output=surface nikabadilisha kuwa output=ddraw, na kwenye fullresolution nikaandika ukubwa wa skrini yetu. Nikaweka pia fullscreen=true, na chini kabisa penye [autoexec] nikaandika zile amri zangu ili asiwe anaziandika kila siku. Nikafunga, nikafungua.

Ikajaa yote. Kubwa kuliko hata ile ya zamani, maana skrini ni pana.

Mzee Hamadi alipogeuka akashtuka. "Haya! Imekuwa ile marehemu!"

Nikabonyeza Alt na Enter, Windows 7 ikarudi inang'aa. Nikafungua ile picha ya yule mama. Nzuri, haijapanuka.

"Hebu ipeleke," akasema. Nikaipeleka.

"Hebu irudishe." Nikairudisha.

"Hebu toka nipeleke mwenyewe." Wakuu, mzee mzima na kanzu yake alikaa pale akabonyeza hadi akachoka, anacheka peke yake.

Mlangoni alikuwepo mama mmoja wa Nyakitonto, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, amekuja na barua yao ya kuomba mizinga. "Mwakeye," akasalimia, akapiga makofi ya salamu. Alishaambiwa dada hayupo tena. Alipoona bluu akashangaa kwa Kiha, "Mawe! Si yupo huyu!" Akakaa kwenye benchi, akaanza kusema.

Dada akachapa. Na ndio nikaona kitu kilichonifanya nitoke nje nikajifanye naangalia mvua wakati ni kiangazi. Dada alikuwa ameegemea kiti. Mgongo umeegemea kabisa.

Jumatatu binti wa jirani alikuja kweli. Yeye anafanya picha na kuprint, dada anachapa. Kuprint moja kwa moja kutoka DOSBox nimeshindwa, kwa hiyo dada anasave kama text, binti anafungua kwenye Word na kutoa. Mwenye njia ya mkato anisaidie hapa chini.

Nilichojifunza ni kwamba swali la kijinga la mtu linaweza kuwa jibu la mtu mwingine asiyethubutu kuuliza. Yule mkuu wa vifaru tumwombe radhi. Na wewe wa mstari mmoja, kama bado upo humu, jitokeze. Dada anataka kujua jina lako tu akuweke kwenye sala.

Uzi huu nimeuandika kwenye bluu yenyewe ndipo nikauhamisha. Dada amesimama nyuma yangu, mbali kidogo, anasoma. Amesema nifute pale pa kubusu kompyuta.

Sifuti.