Mazoezi ya Kipipa

Mimi naitwa Mlingoti kwa sababu ya urefu, na mwenzangu wa chumba aliitwa Kipipa kwa sababu mnazozijua. Majina hayo tulibandikwa wiki ya kwanza chuoni na wavulana wa kozi ya maabara, watu wasio na kazi. Mimi nilinuna. Kipipa alicheka mpaka akashika ukuta, akawaambia, "Debe tupu ndilo linalovuma, jamani. Mimi nimejaa." Tangu siku ile wakamwogopa kidogo, nami nikajua nimepata mwenzangu.

Tulikuwa tunasomea uhudumu wa gari la wagonjwa. Ile kazi ya kuja mbio king'ora kikilia, unamtoa mtu alikoangukia, unamfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Kipipa aliipenda kazi hiyo kuliko ninavyopenda usingizi, na mimi usingizi naupenda. Lakini shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, alitaka awe mwalimu kama yeye. Walivutana, wakanuniana, mwisho Shangazi akakubali shingo upande: "Haya, nenda. Ukishindwa huko, chaki inakusubiri." Sasa unaelewa. Kwa Kipipa, kufeli kozi ile ilikuwa ni kurudi nyumbani kushika chaki huku anaambiwa "nilikwambia" asubuhi, mchana na jioni.

Masomo ya darasani hayakumsumbua. Kilichotusumbua ni mtihani wa machela. Mnapangwa wawili wawili kwa vyumba, mnamtoa mgonjwa ghorofa ya tatu ya bweni letu, mnamshusha kwa ngazi mpaka kwenye gari uani. Machela haiwekwi chini hata mara moja. Halafu kuna sharti jingine, na hilo ndilo lililotuua: anayetangulia lazima aongee na mgonjwa njia nzima. Mkufunzi wetu wa mazoezi ya viungo, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni, alikuwa akisema, "Mgonjwa akisikia kimya anadhani ameshakufa."

Mara ya kwanza mgonjwa wetu alikuwa sanamu la turubai lililojazwa mchanga. Kipipa akatangulia, mimi nikashika upande wa kichwa. Akaanza kwa madaha: "Pole sana, mzee, usijali, tupo pamoja, sasa hivi tunafika." Ghorofa ya pili maneno yakapungua, ikabaki "pole... mzee..." Tulipofika ya kwanza hakukuwa na pole wala mzee, ni pumzi tu, kama pampu ya baiskeli. Mimi nami, msidhani nilikuwa shujaa, vidole vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja. Tukamlaza mzee wa mchanga kwenye ngazi, tukakaa kando yake kama wafiwa.

Mkufunzi akapuliza filimbi. "Mgonjwa wenu amekufa kwa upweke," akasema. "Marudio ni mwisho wa muhula. Mkishindwa tena, kozi hii basi."

Nitasema ukweli kuhusu tulivyokuwa tunaishi, maana wengi wanaishi hivyohivyo na wanajifanya hawajui. Asubuhi tulilala mpaka kengele, kwa hiyo uji wa kantini tuliusikia kwa harufu tu. Mchana chipsi za kibanda cha getini, na soda ya kusukumia. Jioni chipsi tena, kwa sababu muuzaji alikuwa ameshatuzoea na anatuongezea. Mimi kati ya chipsi na chipsi nilikuwa na biskuti. Kwa kuwa nilikuwa mwembamba, nilijiona mzima wa afya. Wembamba gani ule! Nikipanda ngazi moyo ulikuwa unabisha hodi mdomoni.

Jioni ya siku ile Kipipa alimtumia Shangazi ujumbe kwa simu: "Shangazi shikamoo. Nimefeli mazoezi, nitarudia mwisho wa muhula. Usijali."

Usijali! Kesho yake kabla ya mchana nasikia sauti ngazini: "Aliyejenga hili jengo hana mama? Hana bibi? Ngazi zote hizi anamkomoa nani?" Alikuwa anapumzika kila ghorofa, na kila ghorofa mjenzi anapata lake. Mlango ukafunguka, akaingia Shangazi, mwanamke mpana kutoka bega mpaka bega, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkoba kwapani na goti moja limefungwa bandeji. Akatoa rula, penseli tatu, daftari la mraba na kalamu nyekundu, akavipanga kitandani.

"Kaa," akamwambia Kipipa. "Mtoto niliyemfundisha mimi hajawahi kufeli mazoezi. Nionyeshe lililokushinda. Ni sehemu? Ni asilimia?"

Kipipa akanitazama. Mimi nikatazama dari, maana ningemtazama usoni ningekufa.

"Shangazi," akasema taratibu, "si mazoezi ya hesabu. Ni mazoezi ya mwili. Kubeba machela."

Shangazi akaitazama rula yake, akatazama penseli. Kisha akaanza kucheka, na Shangazi akicheka kitanda kinajua. Tukacheka wote mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Alipojifuta machozi akauliza, "Sasa ulikuwa unajiandaa vipi?"

"Nilikuwa nasoma," Kipipa akasema.

"Unasoma kubeba?"

"Ndiyo."

"Loh! Mazoezi ni mazoezi, mwanangu. Yawe ya kichwa, yawe ya miguu. Unaanza na jepesi, unalirudia mpaka likuchoke, ndipo unakwenda la pili. Na hakuna kuruka." Akakusanya vitu vyake mkobani, kasoro kalamu nyekundu, aliyoitia mfukoni kwa heshima zote. Halafu akatoa kopo kubwa la vitafunio vya kukaanga alivyotuletea. "Na mle. Mtu habebi machela kwa mifupa."

Kipipa akalipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru. Shangazi alipoondoka akaligawa korido nzima. Mimi nilitaka kulia.

"Unataka kukonda?" nikamuuliza kwa hasira.

"Sitaki kukonda hata kidogo," akasema. "Huu mwili ni wangu na naupenda. Nataka tu nikiuamuru upande, upande. Nikiuambia uongee, uongee. Na wewe utanifuata, kwa sababu machela ina ncha mbili."

Nikamwita dikteta, akakubali.

Kukapambazuka maisha mapya. Alikuwa ananivuta blanketi, tunashuka kantini, tunakunywa uji na yai la kuchemsha huku mimi nimefumba jicho moja. Jumapili tulikuwa tunateka jiko la bweni, tunachemsha sufuria la maharage, tunakatakata mboga za majani na karoti, tunaweka kwenye makopo kwa ajili ya wiki. Mchana ni hayo maharage na wali kiasi, au kiazi kitamu, na tunda lolote lililoko sokoni. Chipsi hazikufukuzwa. Zilihamishiwa Ijumaa. Muuzaji alidhani tumemhama, akatuuliza kwa huzuni kama kuna mtu aliyesema vibaya mafuta yake.

Mazoezi nayo yakawa kama alivyosema Shangazi. Kwanza ngazi mikono mitupu, juu na chini. Kisha tukiwa na madumu ya maji, ambayo wasichana wa ghorofa ya juu waliyapokea kwa shangwe, tukawa wachukuzi wao. Kisha kubeba ndoo za kokoto kutoka nyuma ya karakana. Wavulana wa maabara walikaa kwenye ukuta kutazama. "Kipipa kinabiringika!" mmoja akapiga kelele. Kipipa akamwendea na ndoo zake mbili, hakuhema, akamwambia, "Nisaidie moja." Yule kijana akaipokea, akafika nayo ghorofa ya kwanza, akakumbuka ana kipindi.

Lakini lililokuwa gumu ni kuongea. Kila tulipopanda alitakiwa anisimulie kitu, chochote, bila kukata. Alinisimulia kuhusu mbeleko ya Shangazi, kitenge cha rangi ya kahawia kilichopauka, alivyobebwa nacho mpaka shuleni, Shangazi akiandika ubaoni naye mgongoni, darasa zima likiimba jedwali la kuzidisha. "Nilijua saba mara saba kabla sijajua kutembea," akasema. Mwanzoni hadithi ilikuwa inafia ghorofa ya kwanza. Haba na haba ikafika ya pili. Kuna siku ilifika ya tatu ikapitiliza, tukakaa juu ya ngazi akaimalizia kwa raha zake, nami nikagundua kwamba hata mimi namuuliza maswali na moyo wangu uko mahali pake.

Siku ya marudio Shangazi alikuja bila kuitwa. Alipanda ngazi zile zote kutubariki, akafika juu anatweta, akamshika Kipipa mashavu. "Umekonda! Jamani, watu watasema simlishi!"

"Sijakonda, Shangazi. Nimekaza. Shika hapa." Akampa mkono. Shangazi akauminya, kisha akaminya wangu, akaguna.

Akageuka aende kukaa kwenye benchi la korido. Hapo goti likalia, ko! Akadaka kitasa cha mlango, akateleza taratibu mpaka sakafuni, uso umebadilika rangi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Limegoma," na macho yakamjaa machozi.

Kipipa alishapiga magoti. Akamgusa, akamuuliza panauma wapi, vidole vinafanya kazi, ameumia mahali pengine? Akalifunga goti kwa ubao na bandeji kama tulivyofundishwa. Mkufunzi akaja na karatasi zake, akamtazama Shangazi kwa urefu na kwa upana.

"Nitaita wavulana wanne," akasema. "Ninyi mtabeba sanamu baadaye."

"Hapana, mwalimu," Kipipa akasema. "Mgonjwa ni wetu."

"Huyu si sanamu la mchanga, binti."

"Najua ni nani."

Mkufunzi akanitazama mimi. Nikasema, "Tupo." Akaita wavulana wawili wafuate pembeni, kwa tahadhari tu, akachomoa kalamu. "Masharti ni yaleyale."

Shangazi ndiye aliyekataa. "Mtaniangusha! Mwanangu, mimi si mwepesi. Niacheni hapahapa, nitaishi korido hii."

"Shangazi, ulinibeba mimi na chaki na kifutio," Kipipa akasema, anamfunga mikanda. "Uliwahi kuniangusha?"

"Ulikuwa mdogo!"

"Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uliniambia mwenyewe. Lala."

Tukanyanyua. Mungu wangu! Sanamu lile lilikuwa mchezo wa watoto. Mikono yangu ilivutika, nikajua leo nitarefuka zaidi. Kipipa mbele, ngazi ikianza tu uzito wote ukamwelekea yeye. Nikaona shingo yake ikikakamaa.

"Pole, Shangazi," akasema. "Tunashuka sasa. Utasikia unateremka miguu kwanza, ni kawaida."

Shangazi alifumba macho akashika kingo za machela. Na kwa hofu, mwalimu yule akaanza kitu anachokijua kuliko vyote: "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne..."

"Endelea, nakusikia," Kipipa akasema. "Hapa tunakata kona. Mlingoti, kushoto kwako. Vizuri."

Ghorofa ya pili tukaipita. Milango ilikuwa imefunguliwa, wasichana wamejaa, hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa linanichoma macho. Mkufunzi alikuwa anashuka nyuma yangu, nasikia filimbi ikigonga kifungo cha shati.

"Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa." Sauti ya Shangazi ikaanza kutetemeka. Tulikuwa tunafika palepale tulipomlaza mzee wa mchanga. Machela ikayumba, kidogo tu. Shangazi akapiga ukelele, akakazana: "Saba mara nane... saba mara nane... hamsini na nne..."

"Hamsini na sita, Shangazi," Kipipa akasema.

Hakuhema. Alilisema kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Nyuma yangu nikasikia mkufunzi anaguna kwa kicheko, na Shangazi akafumbua macho. Akaitazama ile shingo pana yenye jasho iliyokuwa inamtangulia, akaacha kushika kingo. Akalaza mikono kifuani.

"Hamsini na sita," akarudia polepole. "Haya, wewe endelea. Mimi nasikiliza."

Kipipa akaendelea. Saba mara tisa, saba mara kumi, akahamia jedwali la nane, tukatoka mlangoni, tukavuka ua, tukaiingiza machela garini bila kuiweka chini. Hapo nikakaa palepale kwenye changarawe. Kipipa alikuwa bado amesimama, anamuuliza mgonjwa wake kama anataka maji.

Mkufunzi akaandika, akafunika kalamu. "Mgonjwa yu hai," akasema. "Tena anafundishwa."

Shangazi alikuwa analia waziwazi, bila aibu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu nyekundu, akaushika mkono wa Kipipa, na juu ya ule msuli mpya akachora alama ya vema, kubwa, kama alivyokuwa akichora kwenye madaftari miaka yote.

"Chaki nitaigawa," akamwambia. "Nilikosea."

Nami nikanyoosha mkono wangu kutoka pale chini. "Mimi je, Shangazi? Nilishika upande wa kichwa!"

Akauminya, akatafuta mahali pa kuandikia. Akachora vema ndogo, kadiri mkono wangu mwembamba ulivyoruhusu.