Mama Yangu Kwenye Jalada la Ripoti ya Maji

Jamani, sikieni yaliyonikuta leo ukumbini.

Nimealikwa kwenye uzinduzi wa ripoti ya utafiti wa maji, hapa hapa mjini Arusha. Napewa nakala, kwenye jalada namwona nani? Mama yangu mzazi! Yuko nyumbani kwetu Kisongo, ndoo tupu mkononi.

Nikafurahi kama mjinga. Nikamwonyesha hadi dada niliyekaa naye.

Kisha nikafungua ndani: "Kwa kaya za eneo hili, maji yapo karibu."

Karibu wapi?

Nikanyoosha mkono. "Samahani mtafiti, wanawake mliwahoji wangapi?"

Akajibu bila hata aibu, "Tulihoji wakuu wa kaya."

Yaani akina baba peke yao! Baba yangu nampenda, lakini tangu nizaliwe sijamwona ameshika ndoo. Kwake yeye maji yanatoka jikoni.

Mtafiti akasema muda umeisha, karibuni chai. Chai yao na mimi wapi na wapi?

Eti dada pembeni ananiambia nimeharibu shughuli ya watu. Nyie mnaonaje, mimi ndiye mkorofi? Kabla hamjajibu, sikieni mama alivyosema nilipompigia.

"Shikamoo mama. Wale watafiti walikuuliza nini?"

"Marahaba mwanangu. Hawakuniuliza kitu. Baba yako alisema niwapikie wageni chai, nikachukua ndoo. Wakanipiga picha natoka hapa bomani kwetu."

"Chai waliisifia?"

"Chai gani? Niliporudi na maji, walikuwa wameshamaliza na baba yako, wameondoka zamani."