Kaka Alinizungusha Mjini kwa Kiti cha Kukodi

Salaam aleikum admin na wote mnaosoma. Jina langu nifichie, watu wa Isiolo tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na nane. Miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa mtoto, na mpaka nikawa msichana mkubwa mji niliujua kwa kelele zake tu, nikiwa nimekaa kwa mkeka nyuma ya nyumba yetu mtaani Bulla Pesa.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, mama mmoja jirani yetu alifiwa na mumewe, askari wa zamani. Kiti cha magurudumu cha marehemu kikabaki, yule mama akawa anakikodisha. Kaka yangu mkubwa akakikodi, akaniambia, "Dadangu, leo utaona mji."

Wallahi niliuona. Malori ya mbuzi yakienda Nairobi, mafundi wa cherehani barazani, ngamia wakivuka lami kama barabara ni yao. Mama mmoja Mmeru aliyekuwa akiuza miraa aliniuliza, "Msichana, ulikuwa wapi siku zote?" Nilicheka mpaka nikalia.

Ijumaa iliyofuata kaka alikisimamisha kiti nje ya msikiti. Watu walipotoka, mzee mmoja akaniwekea shilingi kwa paja. Nikashangaa. Kaka akainama akaninong'oneza, "Sema asante."

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Kwani mimi ni ombaomba?"

"Nyamaza. Hicho kiti unafikiri kinalipwa na nini?"

Tangu hapo kila safari ilikuwa hivyo: msikitini, stendi, soko la mifugo. Pesa zilizobaki zilikuwa zake. Sikukataa, maana kukataa ni kurudi kwa mkeka. Basi nikawa natazama mji huku nimenyoosha mkono. Ilikwenda hivyo miaka, mpaka yule mama jirani akahamia mbali, Kulamawe, na kiti chake. Kaka alikuwa tayari amefungua duka. Mimi nikajifunza kushona, nikapata cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na hiyo ndiyo imenijengea nyumba hii.

Sasa kaka ni mzee, mkewe amefariki, na watoto wake wanataka aje akae kwangu. Wananiambia, "Shangazi, si yeye ndiye alikusukuma mji mzima?" Kwa kila harusi yeye huisimulia hadithi hiyo, watu wanamwombea dua, na mimi nimekaa hapo hapo nikitazama chini.

Mwezi jana nilimuuliza tukiwa wawili tu, "Kaka, unakumbuka tulikuwa tunafanya nini pale msikitini?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Lakini si ulikuwa unafurahi?"

Na ni kweli, nilikuwa nafurahi. Hiyo ndiyo inanichosha kuliko yote.

Watoto wanangoja jibu langu wiki hii. Nimpokee na ninyamaze, niwaambie ukweli kwanza, au nifunge mlango? Ndugu zangu, nishaurini polepole. Sina nguvu ya kugombana na mtu.