Milio Miwili ya Robow

Mume wangu Robow alipenda gari kabla ya kunipenda mimi, na siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa anampiga mtu kwa ajili ya gari hilo. Mchuuzi mmoja wa mtaa wa Wabera alikuwa ameegemeza mkokoteni kwenye mlango wa ile Toyota Corolla kuukuu, rangi ikakwaruzika. Robow alimvunja jino. Ningetimua mbio pale pale. Badala yake nikaolewa.

Gari lenyewe lilinizidi umri. Alilishusha mpaka likawa linakwangua kila tuta la Isiolo, akalitia rimu pana, kisha fundi Murithi akakata sailensa inayopunguza mlio na kulifungia ekzosi nene. Robow akikanyaga mafuta na kuachia ghafla, nyuma linalipuka: pa! pa! Sokoni watu walilala kifudifudi, mbuzi wakakata kamba. Siku moja askari wa akiba nusura amfyatulie risasi ya kweli. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nilitamani kumzaba kofi.

Mtu mmoja tu aliupenda mlio ule: mama yake, Lul, aliyeishi kijiji cha Kulamawe na mbuzi wake. Kila Ijumaa Robow alikwenda kumwona, na akikaribia alilipua mara mbili. Mama anabandika chai, anatoka kuondoa miiba iliyoziba lango la boma.

"Mama, hiyo kelele haikushtui?" nilimwuliza.

"Bunduki najua, Madina, na mtoto yangu najua. Akipiga mbili, mimi nafungua."

Ijumaa moja Robow alichelewa. Alikuwa gereji kwa Murithi, amelala chini ya gari, anafunga ekzosi nyingine yenye mlio mkubwa zaidi. Nilimpigia simu nikamfokea.

"Mama anakungoja tangu saa saba! Wewe na hiyo takataka yako!"

"Wacha maneno, Madina. Leo nampelekea sauti mpya."

Wezi wa mifugo walifika kabla yake. Majirani walitusimulia baadaye: mwizi mmoja alifyatua risasi mbili hewani ili kutisha watu, na kijiji kizima kikalala chini. Lul peke yake alitoka mbio, akavuta miiba huku akiita, "Robow! Robow yangu!" Walimpiga risasi kifuani, wakamruka, wakaswaga mbuzi wote. Chai aliyokuwa amebandika ilichemka mpaka sufuria ikaungua.

Robow alimzika mama yake bila kutoa chozi. Kisha akachukua nyundo ya Murithi akalivamia gari: taa, vioo, boneti, na ule mlango uliomgharimu mchuuzi jino lake. Vigae vilimchana mikono, damu ikamchuruzika hadi viwikoni, na bado alipiga. Sikumzuia. Nilikuwa na hasira ya kutosha kushika nyundo ya pili.

Gari bado tunalo, kwa kuwa hatuna lingine. Murithi alilirudishia vioo na sailensa ya kawaida, na sasa halisikiki hata likiwa mlangoni. Kila Ijumaa tunakwenda Kulamawe. Mbali kidogo na boma Robow anazima injini, anashuka, anatembea polepole akijitaja kwa sauti.

"Ni mimi, mama. Ni mimi Robow."

Miiba iko pale pale Lul alipoivutia. Robow hajakubali mtu afunge lile lango.