Mkoba wa Ardis Kwenye Gwaride la Brekke

Mke wangu Ardis alikufa Machi, na hapa Brekke mtu akifa Machi hazikwi. Ardhi imeganda, ni jiwe. Wanamweka kwenye kibanda cha makaburini, anasubiri ilainike. Ardis hakuweza kusubiri hata kahawa ichemke. Gwaride la wanafunzi la Aprili lilipofika alikuwa nyuma ya kanisa tu, ng'ambo ya barabara kutoka shuleni, amefungiwa kwa kufuli. Najua alinuna.

Gwaride ndilo jambo lenyewe. Dansi ya shule inakuja baadaye, watoto wanacheza wenyewe na taa zimepunguzwa, hakuna anayejali. Lakini kabla ya dansi, jua likiwa bado juu, wanapita wawili wawili katikati ya ukumbi wa mpira wa kikapu. Majina yanatangazwa. Mji mzima umekaa kwenye mabenchi ya ngazi, kila mtu na mto wake wa kukalia, unatazama magauni na kuyasema.

Zamani hapakuwa na dansi kabisa. Mchungaji wa siku zile alisema kucheza ni dhambi ila kutembea si dhambi. Basi wakatembea. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule nimfuate baba yangu shambani, kwa hiyo gwaride la Ardis nililitazama dirishani, nje, nimesimama juu ya ndoo ya kukamulia maziwa. Alivaa gauni la bluu. Mama yake alikuwa amelishonea kipande cha kitambaa kutoka kifuani mpaka kooni, kama mtu anayeziba tundu la panya. Ardis alipofika usawa wa dirisha langu, kile kipande hakikuwapo. Alikuwa amekifumua chooni kwa meno. Akaniona, akanitolea ulimi. Nikaanguka na ndoo.

Ndivyo tulivyochumbiana.

Baadaye akawa mshonaji wa magauni wa mji huu. Cherehani ilikaa jikoni, pini na chumvi mahali pamoja. Nimekula pini. Wasichana walikuja na viatu vyao vya theluji, wanasimama juu ya kigoda, naye anawazunguka pini zikiwa mdomoni.

"Pumua," anamwambia mmoja. "Usivute tumbo. Hilo tumbo unakwenda nalo kwenye dansi, huliachi kwangu."

"Nitapungua kabla ya Aprili, Bibi Ardis."

"Uliniambia hivyo Krismasi, na kipande cha keki mkononi."

Walicheka. Wengine walilia. Aliwashonea wote, wanene, wembamba, waliopinda. Kisha wakaleta binti zao.

Adui yake alikuwa Lorna Huseby. Lorna husimama mlangoni pa ukumbi na rula, kupima magauni. Mkanda wa begani usiwe chini ya upana wa vidole viwili. Mgongo usionekane. Mpasuo usipite goti. Msichana anayeshindwa anavalishwa sweta la kijivu la timu ya mieleka, lile lililoning'inia kwenye ndoano nyuma ya Lorna, na anapita mbele ya mji mzima hivyo hivyo, sweta juu, hariri chini. Liliwahi kuvaliwa na binti wa mchungaji. Mchungaji aliomba kuhamishwa.

Dawa ya Ardis ilikuwa vifungo vya kubonyeza, vile vidogo vya chuma, dume na jike. Kila gauni alilitengenezea kipande chake cha kufunika, mabega au mgongo, kinachobandikwa kwa vifungo hivyo. Wasichana walikiita heshima. Msichana anapita kwa Lorna amefunikwa kama mtawa, anakunja kona, anavuta, pap. Kisha anakuja mpaka benchi la mbele alipokaa Ardis na mkoba wake wa kahawia.

"Bibi, nishikie heshima yangu."

"Tumbukiza humu, mwanangu. Nenda."

Gwaride likianza, mkoba haufungiki. Lorna aliona, bila shaka. Lakini hawezi kuacha mlango bila mtu, na foleni ikiisha, mabega yameshapita. Wawili hao walikaa benchi moja kanisani miaka yote na walipeana mapishi.

"Nimeona migongo mingi jana, Ardis," Lorna anasema, akimmiminia kahawa baada ya ibada.

"Ukumbi ulikuwa na joto, Lorna. Labda ilitokeza yenyewe."

"Sukari?"

"Vijiko viwili."

Gauni lake la mwisho lilikuwa la Maren Aasgaard. Maren ni mwanamieleka, msichana pekee kwenye timu. Kijana wa Stenerson aliyemwalika kwenye dansi alimwalika akiwa chali, Maren amemkalia. Ardis alikuwa mgonjwa tayari. Alilala kwenye kochi na kumzungusha msichana kwa kidole.

"Geuka. Geuka tena. Palmer, njoo uone mabega haya."

"Nayaona."

"Unaweza kubeba ndama wawili hapo. Haya hayafunikwi."

Akashona gauni la kijani lisilo na mkanda wowote. Mabega yote nje. Alimaliza Februari, ameegemea mito. "Heshima nitaishona wiki ijayo," akasema.

Hakuishona.

Siku ya gwaride, mchana, Maren akaja kuchukua. Nilimpa gauni. Akapekua chini yake, akapekua mfuko.

"Babu Palmer, heshima iko wapi?"

"Hakuna."

Akakaa kwenye kigoda. Mtoto huyu nimemwona akivunjwa pua bila kusema kitu. Sasa kidevu kinatetemeka.

"Lile sweta la timu nalivaa majira yote ya baridi, Babu. Linanuka mimi. Mji huu haujawahi kuniona bila hilo sweta. Leo tu. Leo tu nataka wanione na gauni."

Nikatafuta kitambaa cha kijani. Hakikubaki. Nikavua kifuniko cha cherehani, ambacho pia ni kijani, ingawa si ndugu wa kijani kile. Nikakikata kwa mkasi wa kukatia kuku. Sindano za Ardis sizioni, ni ndogo kama kope, kwa hiyo nikaenda bandani nikaleta ile iliyopinda, ya kushonea ng'ombe akipasuka. Nilishona jasho linanitoka. Maren alivaa, akabonyeza vifungo. Haikushika. Akabonyeza tena.

"Babu. Umeshona madume matupu. Huku dume, huku dume."

"Basi havitashika."

"Kwani wewe si mfugaji?"

Majike hayakuonekana. Nikafunga kwa waya wa magunia, kwapani huku na huku. Akasema unamchoma. Nikamwambia asiinue mikono.

Alikuja shuleni na trekta la baba yake, yeye anaendesha, gauni limekusanywa magotini, buti za matope miguuni, viatu vya dansi kwenye dashibodi. Kijana wa Stenerson kabanwa pembeni kama kifurushi. Mimi nilikuwa nimeshakaa benchi la mbele, mahali pa Ardis, mkoba mapajani.

"Umekupendeza huo, Palmer," jirani yangu Verlyn akasema nyuma yangu. "Viatu vyake je?"

"Nimevijaribu. Vinabana."

Kutoka pale mlango unaonekana wote. Maren akafika mbele ya Lorna na mikono yake imebana mbavuni kama bata mwenye baridi. Lorna akatazama kijani cha juu. Akatazama kijani cha chini. Akainua rula, akaigusa kidogo tu ile heshima, ncha.

Waya ukafyatuka. Kitambaa kikaanguka juu ya kiatu cha Lorna.

Nyuma yao foleni ikanyosha shingo. Maren hakujifunika. Alitazama lile sweta kwenye ndoano.

Lorna akainama polepole, magoti yake mabovu kama yangu. Akaokota kitambaa. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Hii ni kazi ya sindano ya ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, Bibi Lorna."

"Na huu ni waya wa magunia."

"Ndiyo."

Akanitazama kule nilikokaa na mkoba. Alitazama sana. Nikamtazama na mimi, ningefanya nini. Mkono wake ukaenda nyuma, nikajua unaelekea kwenye sweta. Haukwenda kwenye sweta. Ulikuwa unaweka rula chini. Kisha akanyanyua mkono mtupu na kuweka vidole viwili juu ya bega la Maren, pale mkanda ungekuwa, akavilaza sawasawa.

"Vidole viwili," akasema. "Vipo. Pita."

"Lakini hivyo ni vyako," msichana wa nyuma akasema, na mkanda wake kama ugwe wa kiatu.

"Wewe nyamaza, wako bado sijaupima."

Maren akapita. Akabadili buti. Jina lake likatangazwa, akatembea katikati ya ukumbi, na mji wa Brekke, unaosema hata mtu akipita na soksi mpya, haukusema. Kisha Verlyn akasema, kwa sauti ya kanisani, "Ona mabega," na watu wakapiga makofi na kugonga miguu kwenye mbao. Kijana wa Stenerson alifuata pembeni. Hakuna aliyemwona, na alionekana ameridhika nalo.

Maren aliponifikia hakuwa na cha kutumbukiza. Akaugonga mkoba kwa ngumi, akaendelea.

Watu walipokuwa wanakusanya mito yao, Lorna akaja. Akafungua mkoba mwenyewe, akatia kile kitambaa cha cherehani, waya na yote.

"Ardhi italainika lini?" akauliza.

"Wiki mbili, wanasema."

"Usimzike na hicho, Palmer. Akiona hizo nyuzi atafufuka."

Akaenda kuzima taa za mlangoni.

Ardhi ililainika Mei. Nilikiweka mkononi mwake, mshono juu, pale atakapouona vizuri.

Hadi sasa bado hajafufuka.